Ndizi Zilizohalalishwa

Sitaki kusikia neno najisi kutoka kwa mtu ambaye kisima chake na choo chake vinatenganishwa na mgomba mmoja. Nimeishi Makorora tangu kuzaliwa. Kila ua naujua, najua kisima cha nani kiko wapi na shimo la choo la nani limejaa tangu masika yaliyopita. Watu haohao ndio walionirudishia sinia la futari limejaa kama lilivyotoka, na kawa lililofunika halijasogezwa hata kidogo. Nikikumbuka, damu inanichemka mpaka leo. Nitaeleza ilivyokuwa, na asiyetaka kusikia ashike njia yake.

Mimi ni mpishi. Napika katika shule moja ya bweni na kutwa, nje ya mji, upande wa njia ya Pangani, na nimeianza kazi hiyo kabla baadhi ya walimu wa pale hawajazaliwa. Wanafunzi wanakula ugali wangu na maharage yangu, na wakishakula wanakwenda wanakokwenda watu wote. Zamani makaro ya vyoo vya shule yalikuwa yakifurika kila mvua ikinyesha. Harufu ilikuwa inakuja mpaka jikoni, na gari la kunyonya likichelewa tulikuwa tunasonga ugali tumejifunga khanga puani. Halafu uongozi ukaleta mafundi. Wakachimba handaki pana, wakalisakafia, wakalijaza kokoto na juu yake wakapanda matete. Uchafu unatulia kwanza karoni, maji yake yanapita taratibu chini ya zile kokoto, mizizi ya matete inafanya kazi yake, na upande wa pili yanatokea kwenye bwawa dogo. Mara ya kwanza kuliona bwawa lile niliinama nikanusa. Sikusikia harufu yoyote, na vyura walikuwa wamekwisha hamia.

Chini ya bwawa kulikuwa na kipande cha ardhi kilichokuwa kimekaa bure. Mkuu wa shule, mwanamke asiyependa maneno mengi, akatuita sisi wapishi akasema, "Limeni pale, maji yapo, lakini mfuate masharti." Masharti aliyaleta fundi wa maji, binti wa Kibondei aliyekuwa akija kila baada ya miezi michache na chupa zake kuyapima maji. Mdogo kwa umri, lakini mkali kama shangazi. Tusilime nyanya wala matango wala kitu chochote kilicho karibu na ardhi kinacholiwa kibichi. Maji yapite kwenye mifereji chini, mtu asimwagie majani kwa ndoo. Tuvae buti. Tukitoka shambani tuoshe mikono kwa sabuni. Nikamuuliza mchicha una kosa gani, mbona unapikwa.

"Mama, wewe mchicha unauosha mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na jirani yako?"

Basi nikapanda migomba ya mzuzu mitupu, maana tunda lake linaning'inia huko juu na maji yanapita huku chini, havijuani.

Migomba ile ilikubali. Sijawahi kuona mzuzu mnene namna ile, na mimi ndizi nimezimenya tangu nina meno ya utoto. Mwenzangu mmoja alipanda mipapai, mwingine majani ya ng'ombe, wote wakafanikiwa. Mimi mikungu yangu nilikuwa naileta nyumbani Makorora, naipanga barazani, na haikai. Wapishi wa nyumba za wenye nacho huko Raskazone walikuwa wananipigia simu niwawekee. Jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke anayejua kusifu na kusengenya kwa pumzi moja, alikuwa akisema kwamba mzuzu wangu ukiupika kwa tui huhitaji kutia sukari. Sikuficha zilikotoka. Sikuulizwa tu, na mimi sina tabia ya kumhutubia mtu anayetaka ndizi.

Mtu pekee aliyeuliza alikuwa mama yangu.

Mama nakaa naye. Ni mwosha maiti. Wanawake wengi waliofariki mtaani kwetu, na mitaa ya jirani, wamepita mikononi mwake: ndiye aliyewaosha, akawatia kafuri na kuwavika sanda. Kwa hiyo mambo ya twahara hapa kwetu yanaishia kwake. Mwanamke akiwa na shaka na josho lake, au mbwa akipitisha ulimi kwenye nguo zilizoanikwa, anakuja kwa mama kabla ya kufikiria kwenda kwa sheikh. Mama atamsikiliza, atamwambia fanya hivi, na mtu anaondoka moyo wake umetulia.

Mkungu wa kwanza ulipokomaa nilimpikia yeye. Nilikuna nazi mbili, nikatia iliki, nikamwekea sahani mkekani. Akaitazama.

"Za shuleni hizi?"

"Za shuleni."

"Zinanyweshwa maji gani?"

Nikamweleza yote, karo, kokoto, matete, bwawa, chupa za yule binti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaisogeza sahani pembeni kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionikera.

"Mwanangu, kitu chenye shaka mimi siwezi. Kaulize kwanza."

Sikwenda kuuliza. Nilikasirika. Nilisema moyoni, atazoea, ataonja tu siku moja nikiwa sipo. Ukapita karibu mwaka mzima. Mama anakula mihogo ya sokoni ambayo hajui imelimwa wapi, anakula samaki ambaye hajui kala nini huko alikotoka, lakini kile kilichotoka kwenye jasho langu mimi anakiruka. Nikipika ndizi, yeye anajiwashia jiko lake la mkaa uani, anachemsha viazi vyake viwili kwenye sufuria ndogo. Watu wawili katika nyumba moja, na masufuria mawili. Nilitaka mama ale. Sikuwa na haja nyingine kubwa kuliko hiyo. Ningekosa wateja wote lakini yeye akala, ningelala usingizi.

Shaabani ilipoingia nikasema basi, nitauliza, nione atajificha wapi. Kwetu kuna darsa la kina mama kila wiki baada ya alasiri. Sheikh anakaa upande wake wa pazia na kipaza sauti, sisi upande wetu, na mwenye swali anaandika kwenye karatasi bila jina, inapelekwa. Mimi na karatasi hatupatani. Nilisimama nikauliza kwa mdomo, kwa sauti yangu hii ya kuitia wanafunzi chakula, na nikaeleza kila kitu mbele ya wanawake wa mtaa mzima: kwamba nina migomba, kwamba inanyweshwa maji yaliyotoka vyooni yakasafishwa, je, ndizi zake zinafaa kuliwa?

Wanawake waligeuziana shingo; niliwaona lakini sikuelewa. Sheikh akaniuliza kutoka ng'ambo ya pazia, "Maji hayo yana harufu?"

"Hayana."

"Yana rangi?"

"Hayana."

"Ladha je?"

"Sijayaonja, sheikh, ila vyura hawajalalamika."

Wanawake wakacheka, na sheikh naye nikamsikia anacheka. Kisha akafafanua vizuri kabisa, wala hakuwa na haraka. Akasema hata tukiyaacha maji yenyewe, kinachoota juu ya najisi hakihesabiwi kuwa najisi. Akasema mchicha tunaoula kila siku unaoteshwa kwa samadi, na samadi kwa madhehebu yetu sisi Mashafii ni najisi, mbona hatujasusa mchicha? Ganda likiguswa na uchafu lioshwe, na ndizi iliwe. Halali, hakuna tatizo.

Nilirudi nyumbani natembea kama bibi harusi. Mama hakuwa amekuja siku ile, magoti yalikuwa yanamsumbua, nikamsimulia neno kwa neno. Akasema, "Alhamdulillahi," na akaendelea kupepeta mchele. Jioni nikapika. Akasema ameshiba.

Na kesho yake hakuna aliyenunua.

Hebu nieleweke. Wakati ndizi zile hazijatolewa hukumu yoyote, watu walikuwa wanazigombea. Siku ziliposemwa halali, tena na sheikh mwenyewe, kwa kipaza sauti, ndipo zilipokuwa haramu. Jirani yangu wa mlango wa pili alipita na kikapu mbele ya baraza yangu akitazama anga. Nilipomwita akasema siku hizi ndizi zinamjaza gesi. Mwingine, mwanamke niliyekaa naye dawati moja, aliniambia kwamba mumewe ameota. Ameota nini, hakusema. Simu za Raskazone zilikatika, kwa maana wapishi wa kule nao wanakaa huku kwetu na masikio wanayo. Baada ya wiki nikasikia nina jina jipya, Mama Karo. Nimewalisha watoto wao shuleni, nimewapikia misibani, halafu ninaitwa Mama Karo.

Na kilichonichoma zaidi ni kwamba walikuwa wanalitumia jina la dini. "Sisi twachunga dini yetu," wananiambia. Dini ipi? Dini imeshasema. Mna kinyaa, semeni mna kinyaa, hakuna atakayewafunga. Masika yakija, mashimo ya vyoo vya Makorora yanajaa maji yakafika juu, na visima vimejaa maji yakafika juu, na vyote viko ndani ya mchanga uleule, kuna aliyeuliza maji hayo yameonana wapi? Watu wanachota, wanatilia udhu, wanapikia chai. Ya kwangu yamepita kwenye kokoto na matete, yamepimwa kwa chupa, na hayajagusa tunda, ndiyo wanayakunjia pua. Yule binti wa Kibondei nilipomhadithia alitikisa kichwa akasema hayo ameyaona kila anakokwenda. Nikamwambia asinifariji, akapime visima vya mtaani kwetu. Akasema hajatumwa huko.

Ramadhani ikaingia. Kwetu kila nyumba ina zamu yake ya kupeleka futari msikitini, na zamu yetu ilikuwa katikati ya mwezi. Miaka yote tulikuwa tunapeleka mihogo ya nazi na kaimati. Mwaka ule nikasema napeleka ndizi. Nilikata mkungu mzuri kuliko yote. Siku hiyo niliomba ruhusa kazini, nikashinda jikoni na saumu yangu, nimetia tui zito, nimetia iliki, sufuria linanukia mpaka barabarani. Mama alikuwa amekaa mlangoni na tasbihi yake. Aliniangalia ninavyopakua kwenye sinia.

"Peleka mihogo," akasema.

"Sheikh amesema halali."

"Najua alivyosema. Peleka mihogo, mwanangu."

Nikafunika sinia kwa kawa, nikalibeba mwenyewe kichwani, nikalikabidhi mlango wa nyuma wa msikiti, nikarudi kungoja adhana. Nilifungua kwa tende na maji. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtu aliyeshinda kesi ambayo haijasomwa.

Swala ya magharibi ilipokwisha nikasikia hodi. Alikuwa muadhini, mzee wa watu, ninayemwamkia tangu nikiwa sijafunga hata siku moja ya saumu. Ameshika sinia langu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wazee wanashukuru. Wamesema tende na uji vimewatosha."

"Wote?"

"Wote."

"Na sheikh je?"

"Sheikh leo kafuturu kwake."

Nikafunua kawa. Hakuna aliyegusa. Tui lilikuwa limeanza kuganda kwa juu. Hapo nikasema maneno ambayo mwanamke hamwambii mzee mlangoni. Nikamwambia awaambie wazee kwamba wameswali nyuma ya sheikh leo alasiri na futari wakamkadhibisha. Nikamwambia awaulize maji ya majumbani mwao yanatoka wapi, na choo kiko hatua ngapi kutoka hapo. Nikamwambia kama wanaogopa kilichotoka tumboni mwa watoto, basi wawaulize watoto wao wenyewe, kwani nusu ya wanafunzi wa kutwa pale shuleni wanatoka mtaa huu. Mzee wa watu alisimama ameinamisha kichwa mpaka nilipomaliza. Akasema, "Utanisamehe, mwanangu, mimi nimetumwa tu," akageuka akaenda. Hasira haikuwa juu yake, lakini yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Niliingia ndani nikaliweka sinia mbele ya mama. Sikuliweka, nililibwaga. Yeye alikuwa anakunywa uji wa pilipili manga, bakuli liko mapajani.

"Umefurahi?" nikamwambia. "Ungekula kipande kimoja tu. Kimoja, mbele ya jirani mmoja. Mtaa mzima unakuangalia wewe. Ungetia mdomoni tu, yasingenifika haya. Dini unaijua, twahara unaijua kuliko hao wote, na bado umewaacha wanifanye hivi."

Mama akaliweka bakuli chini.

"Kaa."

Nikakaa.

"Ulipokuwa mdogo, siku nikitoka kuosha maiti, ulikuwa unakula kwa nani?"

Nilimwelewa papo hapo, nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa nakula kwa shangazi. Miaka mingi sijawahi kuliwaza jambo lile. Lilikuwa limekaa huko, limefunikwa.

"Kwa shangazi," nikasema.

"Nilikuwa narudi, naoga, nabadilisha nguo. Mikono naisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, mpaka michubuko inaniwasha. Napika. Nakupakulia. Unaniambia umeshiba. Mtoto wa darasa la pili aliyetoka shule mchana, umeshiba nini? Halafu nakuona unazunguka nyuma ya nyumba unakwenda kwa shangazi yako." Hakuwa anasema kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira. "Mikono yangu ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu, mama."

"Ilikuwa na najisi?"

"Haikuwa nayo."

"Nilikupeleka kwa sheikh akuhukumu?"

"Hukunipeleka."

"Nilikulazimisha?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilikupakulia tu. Kila siku nikitoka kuosha, nakupakulia, unaniambia umeshiba, nakula peke yangu. Mpaka siku moja ulikaa ukachukua tonge mwenyewe. Ulikuwa umeshaanza kuvaa khanga." Akalichukua tena bakuli lake. "Sheikh kasema halali, nami namwamini. Moyo wangu ndio bado. Wakati ule mimi nilikungoja wewe. Sasa nawe ningoje mimi."

Alinimiminia uji kwenye kikombe kwa mikono yake ileile, imekunjamana sasa, kucha zimekatwa fupi kama anavyozikata siku zote kwa ajili ya kazi yake. Nikaunywa wote. Ndizi nilizila mimi peke yangu usiku ule na daku yake, na zilizobaki nikazipeleka kwa wenzangu wa jikoni. Siku hizi mikungu naiuza kwa magari ya barabarani, kwa wasafiri wasiojua jina langu. Wanazila na wanarudi kuziulizia, wala hawaulizi maji.

Makorora sijaisamehe, wala sina mpango huo karibuni. Jirani wa mlango wa pili ananisalimia, namwitikia, basi. Lakini hasira ya mtaa naijua pa kuiweka. Ile ya mama ndiyo sina pa kuiweka, maana kila nikiinua mdomo namwona yeye na sahani yake, kijana wa miaka ishirini na kitu, mikono inamwasha, anakula peke yake mkekani na mimi niko kwa shangazi. Na bado nakasirika. Nakasirika kwamba amesema kweli, na kwamba alikaa na jambo lile miaka yote bila kulitaja.

Kila mkungu ukikomaa nampikia. Nampakulia, namwekea pale mkekani, simwambii kitu. Ananiambia ameshiba. Jana pia amesema ameshiba. Yeye alipoanza kuningoja alikuwa na umri wote mbele yake. Mimi ninayemngoja ana miaka sabini na nane.